Ushauri kwa Wanaotamani Kazi ya Kukabiliana na Ugaidi

Kwa miaka mingi nimefanya kazi na mashirika ya kijamii katika pwani ya Kenya, na nimeketi vikaoni na maafisa wa serikali wanaoshughulikia ugaidi. Vijana wanaotaka kufikia vyeo hivyo huniuliza kwanza kuhusu mafunzo ya silaha. Mimi huwaelekeza kwa Dkt. Martin Kimani, aliyekabidhiwa Kituo cha Kitaifa cha Kukabiliana na Ugaidi mwaka 2015, mwaka uleule ambao watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Hakupitia polisi wala jeshi: alisomea masuala ya vita hadi uzamivu katika King's College London, akaongoza mfumo wa tahadhari ya mapema kuhusu migogoro wa IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kisha akawa balozi.

Kwa hiyo jifunze kuandika na kupatanisha. Kituo hicho, kilichowekewa msingi wa kisheria mwaka 2014, hukutanisha ujasusi, jeshi, polisi, uhamiaji na ofisi ya Mwanasheria Mkuu, na kila upande una mkubwa wake na siri zake. Waraka unaoeleza wazi nani atafanya nini, na kwa sheria ipi, humsaidia mkurugenzi kuliko amri.

Lililo zito zaidi kwangu ni kukaa na wananchi. Mkakati wa kitaifa wa 2016 wa kukabiliana na itikadi kali ulifuatwa na mipango ya kaunti, Kwale, Lamu na Mombasa zikiwa miongoni mwa za mwanzo. Nimemwona mama aliyepotelewa na mwanawe akinyamaza kabisa mbele ya afisa aliyefungua daftari kabla ya salamu, kisha akamsimulia yote afisa mwingine aliyemwamkia, akaketi na kungoja. Familia hizi zinawaogopa al-Shabaab, na serikali pia zinaiogopa, kwa kuwa mitaani watu wanawajua kwa majina vijana waliotoweka baada ya kukamatwa. Afisa asiyeweza kulisikiliza lalamiko hilo bila kuanza kujitetea hataambiwa lolote la maana, hata akiwa na bajeti kubwa namna gani.

Basi kabla ya kuomba nafasi Nairobi, tumikia miaka kadhaa mashinani, katika msaada wa kisheria au kazi ya vijana, na uhudhurie vikao vya mpango wa kaunti yako hadi wazee wa mtaa wakufahamu.