Vichwa vya treni vya kuazima: maswali yenu

Nimeona vichwa vya rangi ya chungwa vya kampuni ya reli ya BNSF vikivuta makaa ya mawe Georgia, kwenye reli ya kampuni nyingine, Norfolk Southern. Norfolk Southern imenunuliwa na BNSF?

Haijanunuliwa. Swali hili halikomi, na kila picha mpya inalifufua. Makaa hayo yalitoka bonde la Powder River, Wyoming. Treni inapokabidhiwa kwa mwenye reli nyingine, vichwa hubaki na kinachobadilika ni wafanyakazi tu, kwa sababu dereva haruhusiwi kuendesha njia asiyoifuzu. Kukata vichwa na kuunga vingine kungekula muda bure.

Basi anayeazima hulipa shilingi ngapi?

Dola, ndugu yangu, tupo Marekani. Na mara nyingi hazitoki hata hizo. Deni huhesabiwa kwa nguvu farasi mara saa. Chukua vichwa viwili vya nguvu farasi 4,400, vikae kwa jirani saa 50: deni ni 440,000. Jirani naye hulipa kwa kuazimisha vyake hadi daftari lisawazike.

Hapo ndipo ninapogomba. Daftari haliulizi umri. Deni lile lile unaweza kulilipa kwa mashine tatu aina ya SD40-2 za nguvu farasi 3,000, zilizoundwa enzi za babu, zikikaa huko karibu saa 49. Kwenye karatasi mmemalizana. Mlimani, treni nzito ikipanda polepole, kichwa kipya chenye mota za umeme geu hushika reli kuliko hizo kuukuu, na aliyelipwa ndiye anayebaki amekwama. Kukopa harusi, kulipa matanga, ila hapa matanga ni ya mkopeshaji.

Vichwa vya kampuni mbili vinaungana?

Ndiyo. Kebo ya pini 27, inayomwezesha dereva mmoja kuviendesha vyote, ni ile ile kwa kampuni zote huku.

Mbona cha mgeni huwekwa nyuma?

Si kila mara. Baadhi ya njia, kama za Norfolk Southern huko Pennsylvania, huleta ishara ndani ya chumba cha dereva, na kichwa kisicho na kifaa hicho hakiongozi. Kuhusu mfumo wa kuizuia treni kabla ya ajali, sheria ya 2008 iliyopitishwa baada ya watu 25 kufa Chatsworth, California, inataka mifumo ya kampuni ielewane. Ilichukua hadi mwisho wa 2020. Na nyinyi wapiga picha, tokeni relini. Treni haikwepi mtu.

Kikiharibika ugenini?

Aliyenacho hurekebisha madogo. Ukaguzi wa kila siku ni sheria ya shirikisho, kiwe chake au cha kuazima. Lakini kampuni zilizoegesha mamia ya vichwa vyao ili hesabu zipendeze kwa wenye hisa, kisha zikageukia vya jirani, sizitarajii zivitunze kama vyao.