Kidaka cha sabuni kijengwe kwa kitu gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Tunamjengea mama bafu hapa Kigamboni, lenye hodhi la kuogea kwa sababu magoti yanamsumbua. Kuta tatu za kuzunguka hodhi tunataka marumaru (vigae), na ndani ya ukuta kuwe na vidaka, yaani sehemu za sabuni na mafuta. Fundi mmoja anataka atengeneze boksi la jipsamu kisha alibandikie marumaru, mwingine anasema MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Maji yetu ni ya kisima. Tuchague nini? – Msomaji, Kigamboni.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kumjali mama.

Jipsamu hapana. MDF hapana kabisa. Kigae hakipitishi maji, ila mistari kati ya kigae na kigae inayanywa kila siku. Niliwahi kuitwa Tabata kwenye bafu lisilofikisha hata miaka miwili. Nilipogonga ukuta ukalia mtupu, na vigae nikavitoa kwa vidole. Nyuma yake jipsamu ilikuwa uji.

Nyumba ni ya tofali, basi na kidaka kiwe cha tofali. Wazee wa pwani walichonga vidaka kwenye kuta nene za mawe ya matumbawe. Ukuta wako wa inchi 6 hauna unene huo, usiuchimbe. Jenga ukuta mwingine mfupi kichwani mwa hodhi, uache nafasi ya kidaka humo. Kabla ya tofali la kwanza, mketishe mama anyooshe mkono: hapo anapofika bila kuinuka ndipo kidaka kikae. Nunua vigae mapema pia, ili upana wa kidaka ulingane na kigae kizima.

Plasta ikikauka, paka dawa ya kuzuia maji koti mbili, kona zote za kidaka zishibe. Pesa iende hapa. Nawaona watu Kariakoo wanamalizia bajeti kwenye sura ya kigae, dawa wanaambiwa na fundi si lazima. Ni lazima.

Kigae cha kauri kinatosha ukutani. Ukipenda porselini, sawa, lakini hainywi hata asilimia 0.5 ya maji, kwa hiyo sementi tupu haiishiki vizuri. Nunua gundi yake. Jiwe halisi la marumaru usiweke: limau, siki na dawa ya choo vinalila.

Chini ya kidaka laza kipande kimoja cha graniti. Wanaokata meza za jikoni wana mabaki, waombe. Kiinamie mbele kidogo, milimita 3 zinatosha, maji yarudi kwenye hodhi.

Kama kisima chenu kina chumvi, grauti ya saruji, ile ya kujaza mistari kati ya vigae, itatoa weupe na kumong'onyoka. Tumia ya epoksi, japo bei yake inauma. Pale hodhi linapokutana na ukuta usitie grauti, tia silikoni inayonyumbuka kama mpira. Jaza hodhi maji kwanza lilemewe na kushuka, ndipo upake, na usiyamwage maji hayo mpaka silikoni ikauke.