Pima Uzito Kabla ya Kuchomelea: Majibu Kuhusu Stendi ya Kupikia Bia Nyumbani

Barua nyingi nilizopokea safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Marekani, ambako kupika bia nyumbani ni shughuli ya kawaida ya mwisho wa wiki, na karibu zote zinahusu stendi, yaani fremu inayobeba sufuria ya maji, sufuria ya kimea na sufuria ya kuchemshia. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Naomba jambo moja lieleweke tangu mwanzo, kwa maana nitalirudia bila kuchoka: stendi hubeba maji ya moto juu ya miali ya gesi, karibu na miguu ya watu, na kwa hiyo maswali ya umbo, rangi na pampu hayana budi kusubiri mpaka maswali ya uzito na moto yajibiwe.

Ndugu mwandishi, nina kegi tatu, yaani mapipa ya chuma ya bia, nitakazotumia kama sufuria, na ninataka kujenga stendi ya ngazi tatu ili maji yateremke yenyewe bila pampu. Nitumie chuma gani? (Msomaji, Houston)

Hukutaja ukubwa wa kegi zako, na hilo ndilo lililopaswa kutangulia. Nitachukulia kuwa ni zile kubwa za kawaida za Marekani, zenye ujazo wa lita 58 na ushei. Kegi tupu ya aina hiyo ina uzito wa kilo 13 hivi, na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, kegi yenye lita 50 inafikia kilo 63. Zidisha kwa tatu, ongeza majiko na mabomba, kisha ujenge fremu ya kubeba kilo 200 na zaidi, hata kama siku ya kupika sufuria zote tatu hazitajaa kwa wakati mmoja. Bomba la mraba la inchi 1.5 au 2, lenye ukuta wa milimita 3, linaumudu mzigo huo bila shida.

Wengi huhofia kwamba chuma kitakatika. Fremu za namna hii haziangushwi na wembamba wa chuma, bali huangushwa na kuyumba. Mjenzi huchomelea nguzo nne na mihimili kadhaa, akaridhika kwamba inasimama, asiweke vyuma vya mshazari vya kuunganisha pembe na pembe. Kisha siku mtu anapoiegemea ikiwa imejaa, fremu nzima inalala upande. Weka vyuma vya mshazari mgongoni na ubavuni, na upana wa miguu usiwe mdogo kuliko upana wa mzigo unaokaa juu yake.

Sasa niseme ambalo hukuuliza. Mimi siipendi stendi ya ngazi tatu kwa kegi kubwa. Kegi ina kimo cha karibu sentimita 60, na ili maji yateremke ni lazima kila moja ikae juu ya mdomo wa nyingine. Hata ya chini ikiwekwa sentimita 40 tu kutoka sakafuni, mdomo wa kegi ya juu utafikia mita 2.2. Utahitaji ngazi ya kupandia ili kuchungulia ndani, na utakuwa umesimama juu ya ngazi hiyo mbele ya lita 50 za maji yenye nyuzi 75. Maji ya nyuzi 70 hubabua ngozi vibaya ndani ya sekunde moja, na hayahitaji kukuangukia yote ili kukupeleka hospitali. Ngazi mbili na pampu moja zinatosha: sufuria ya kimea ikae juu, sufuria ya maji na ya kuchemshia zikae chini, pampu ipandishe maji ya moto ya kusuuzia kimea, na maji ya kimea yateremke yenyewe hadi sufuria ya kuchemshia. Hapo kila mdomo utakuwa mahali ambapo mtu mzima anaona ndani akiwa amesimama sakafuni.

Je, ninaweza kutumia mbao? (Msomaji, Columbus)

Unaweza, ikiwa moto wako haugusi mbao wala hauzipashi joto. Sufuria ya kimea isiyo na jiko, iliyofunikwa vizuri isipoteze joto, inaweza kukaa juu ya meza imara ya mbao kwa miaka mingi. Lakini jiko la gesi lisiwekwe juu ya mbao, wala chini yake, wala kando yake kwa karibu. Usidanganywe na mbao zilizopita jaribio la kwanza bila kuungua, kwa sababu mbao zinazopashwa joto mara kwa mara hukauka na kubadilika ndani kwa ndani, na mwishowe hushika moto kwa joto dogo kuliko mwanzo.

Huku baridi ni kali. Nikifungua mlango wa gereji kidogo tu, si inatosha? Au nihamie chumba cha chini ya nyumba? (Msomaji, Minneapolis)

Swali hili hunirudia kila majira ya baridi, na wanaoliuliza ni watu wanaojua kusoma maandishi ya onyo yaliyobandikwa kwenye jiko lenyewe. Jibu ni hapana kwa yote mawili.

Jiko la nje la kupikia bia linachoma gesi nyingi kuliko jiko la kawaida la jikoni, na lilitengenezwa kwa hewa ya nje. Likikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, akadhani ni uchovu, akaketi apumzike, na hapo ndipo anapopotea. Mlango uliofunguliwa kidogo hausaidii, kwa kuwa hewa ya moto yenye mvuke na moshi hubaki imejaa darini wakati wewe unahisi upepo miguuni na kujiona salama.

Chumba cha chini kina hatari ya pili. Propani, gesi ya mtungi inayotumiwa na majiko haya, ni nzito kuliko hewa, uzito wake ukiwa karibu mara moja na nusu, na ikivuja haipandi wala kutawanyika. Inatambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini kabisa, ambapo kwa kawaida ndipo palipo na mtambo wa kupashia maji ya nyumba wenye moto wake. Mtungi wa propani usiingizwe ndani ya nyumba hata ukiwa umefungwa. Pika nje, mbali na ukuta, au gereji iwe wazi kabisa na jiko likae mlangoni, na king'ora cha kaboni monoksidi kiwepo kwa vyovyote.

Kama baridi ya kwenu haikuruhusu, acha gesi uhamie kwenye umeme. Kipasha joto cha wati 5,500 kwa umeme wa volti 240 huchemsha lita 38 kutoka nyuzi 20 kwa muda wa dakika 40 hivi, bila moshi wowote. Kinavuta ampea 23, kwa hiyo laini yake iwe ya ampea 30, ifungwe na fundi wa umeme mwenye leseni, na iwe na kile kifaa kinachokata umeme mara unapovuja. Maji na umeme vikikaa stendi moja, kifaa hicho si cha hiari. Mvuke nao utafutiwe njia ya kutoka, la sivyo kuta zako zitaota ukungu.

Nimepewa bure mabomba ya uzio yaliyopakwa zinki. Nikiyachomelea yatafaa? (Msomaji, Seattle)

Yatakugharimu kuliko ungenunua mapya. Zinki huyeyuka kwa nyuzi 420 hivi na huchemka kwa nyuzi 907, na moto wa kuchomelea unapita kiwango hicho mbali sana. Ule moshi mweupe unaouona ni zinki inayoungua. Ukiuvuta, saa chache baadaye utapata homa, kutetemeka kwa baridi, maumivu ya viungo na kichwa, na mtu aliyekulia kwetu atasema ni malaria na kuanza kumeza dawa zisizohusika. Kwa kawaida hali hiyo huisha baada ya siku moja au mbili, lakini mwili haukuumbwa kuizoea. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki hunywa maziwa kabla au baada ya kuchomelea wakiamini yanaondoa sumu. Maziwa huenda tumboni na moshi huenda mapafuni, hayazuii chochote. Anayelazimika kuchomelea chuma cha namna hiyo husaga zinki yote kwanza pande zote za kiungo, hufanya kazi penye upepo, na huvaa barakoa ya kuchuja moshi wa metali.

Isitoshe, hata ukimaliza salama, zinki itabaki karibu na jiko na inaweza kuungua upya ikipigwa na miali. Tafuta chuma cheusi cha kawaida, kisichopakwa zinki.

Rangi gani inapendeza zaidi? (Msomaji, Dallas)

Ile inayostahimili joto, kama inayopakwa kwenye majiko ya kuchomea nyama. Ya kawaida itababuka kuzunguka jiko siku ya kwanza.

Sijui kuchomelea. Nisubiri mpaka nijifunze? (Msomaji, Atlanta)

Usijifunzie kuchomelea kwenye kitu kitakachobeba maji yanayochemka. Kiungo kibaya huonekana kizuri kwa nje, na hutakijua mpaka kiachie. Nunua vyuma vya pembe vyenye matundu, uviunge kwa bolti na nati zenye kufuli, uweke mishazari, na kabla ya kila siku ya kupika uzikaze tena, kwa maana joto na mtikisiko huzilegeza. Njia nyingine ni kukata mabomba mwenyewe kwa vipimo sahihi na kumlipa mchomeleaji kwa kazi ya saa chache. Usirundike matofali ya zege na kuweka jiko juu yake. Zege likipashwa joto kali hupasuka, hasa likiwa na unyevu ndani.

Pampu yangu mpya haivuti. Je, ni mbovu? (Msomaji, Phoenix)

Karibu kila wakati si mbovu. Pampu ndogo hizi za sumaku hazina uwezo wa kuvuta hewa, kwa hiyo zinapaswa kukaa chini ya sufuria ili maji yazijaze kabla ya kuwashwa. Koki ya kupunguza mwendo iwekwe upande wa kutokea. Ukibana upande wa kuingilia, maji ya moto hugeuka mvuke ndani ya pampu na inashindwa kusukuma. Iwekee ngao ya bati, isipigwe na miali wala isidondokewe na maji. Mpira wa kumwagilia bustani usiutumie, maana unalainika kwa joto na kuachia ladha mbaya. Tumia mpira wa silikoni wa chakula.

Bibi yangu alipika mbege kwa mafiga matatu na chungu hakikuanguka kamwe. Stendi ya nini? (Msomaji, Moshi)

Bibi alikuwa na hoja, na ninyi mnaochora stendi za nguzo sita mngefaa kuisikiliza. Kitu kinachokaa juu ya nukta tatu hakiwezi kuchezacheza hata sakafu ikiwa na mabonde, wakati chenye miguu minne hubaki kikining'iniza mguu mmoja mpaka kirekebishwe. Zaidi ya hayo, mafiga yako chini, na chungu kikiwa chini hakina pa kuangukia. Udhaifu wa miguu mitatu huonekana mzigo unapopanda juu: ukisukumwa katikati ya miguu miwili, unapinduka upesi kuliko wa miguu minne. Kwa sufuria moja iliyo chini, mafiga au jiko la miguu mitatu ni bora kuliko stendi yoyote. Anayepika lita 19 kwa sufuria moja na mfuko wa kuchujia kimea hahitaji kujenga kitu, na ninatamani wengi wenu mngepika hivyo mwaka mzima kabla ya kununua hata bomba moja. Stendi hujengwa kufuata namna mtu anavyopika, na anayeanza bado hajaijua.

Mwenye baa amenipa kegi tupu kwa kulipia amana yake. Sasa ni yangu? (Msomaji, Boston)

Hapana. Amana si bei ya kununua. Kegi hubaki mali ya kiwanda. Nunua iliyoondolewa rasmi katika matumizi, na kabla ya kukata hakikisha umetoa presha yote ndani yake.

Stendi hiyo hiyo inaweza kutumika kukeneka, yaani kutengeneza pombe kali kwa kukusanya mvuke wake? (Msomaji, hakutaja mji)

Isitumike hivyo. Sheria iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter mwezi Oktoba 1978, ikaanza kutumika Februari 1979, iliondolea kodi bia ya nyumbani: galoni 100 kwa mwaka kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, galoni 200 kwa yenye wawili au zaidi, na si ya kuuza. Haikugusa pombe ya kukeneka. Mvuke wa kileo juu ya jiko la moto wazi ni mlipuko unaosubiri. Walioniandikia kutoka Kenya nao wasiichukue sheria ya Marekani kuwa yao, kwani Sheria ya mwaka 2010 ya Udhibiti wa Vileo inadai leseni kwa mtengenezaji.

Stendi imekamilika. Nitajuaje kwamba iko tayari? (Msomaji, Denver)

Hili ndilo swali ambalo ningependa wengine wote wangeliuliza. Ipeleke mahali utakapopikia, weka pima maji juu ya kila ngazi, kwa marefu na kwa mapana, na urekebishe miguu. Jaza sufuria zote maji baridi mpaka juu kuliko utakavyojaza siku yoyote, uziache usiku kucha. Asubuhi pima tena; kama kiputo kimesogea, kuna kiungo kilicholegea, na ukitafute. Isukume kwa bega kila upande huku maji yangali baridi. Kama ina magurudumu, yawe ya kufungwa, na kila moja liweze kubeba theluthi ya mzigo wote, kwa kuwa kwenye sakafu isiyo sawa matatu ndiyo yatakayobeba. Stendi yenye maji ya moto haisogezwi hata kidogo.

Kisha paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha gesi na utazame mapovu. Mtungi uwe mbali na majiko kwa urefu wote wa mpira wake. Ukiridhika, washa moto na uchemshe maji matupu kwa saa nzima, uguse kwa tahadhari mikono ya koki, pampu na mpira wa gesi, uone ni kipi kinachopata joto kisichostahili, ukiwekee ngao. Mikono yote ya koki iwe kwa ndani ya fremu, isitokeze njiani. Kwenye nyumba yenye watoto, chora mstari wa chaki mita moja kuzunguka stendi kabla ya kuweka kimea.