Kwa nini Kodak ilishindwa na kamera iliyoibuni yenyewe?

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba alikuwa na studio ya picha Mwanjelwa, hapa Mbeya, nami nilikua nikimwona akisafisha picha katika chumba cha giza. Alipofunga studio alituambia kwamba hata Kodak, kampuni iliyotengeneza mikanda ya filamu aliyoitumia, ilikuwa taabani. Juzi nimesoma kwamba kamera ya dijitali ilibuniwa na mhandisi wa Kodak hiyohiyo. Iweje kampuni yenye fedha na wataalamu ishindwe kunufaika na kitu ilichokibuni? Je, ni uzembe wa viongozi? Nauliza kwa sababu nina duka la fotokopi karibu na Kabwe, na kopi ninazotoa zinazidi kupungua.
Msomaji, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, ulichosoma ni kweli. Mwaka 1975 Steve Sasson, mhandisi kijana wa Kodak mjini Rochester, Marekani, aliunda kamera yenye uzito wa karibu kilo 3.6, iliyopiga picha nyeusi na nyeupe ya nukta 10,000 na kuihifadhi kwenye kaseti kwa sekunde 23. Hakuna aliyeweza kuuza kitu cha namna hiyo wakati ule, kwa hiyo sioni haki ya kuwalaumu wakubwa wake kwa kutokukimbilia sokoni.

Lawama za kwamba viongozi walikuwa vipofu nazo hazina nguvu. Mwaka 1981, baada ya Sony kuonyesha kamera yake ya Mavica isiyotumia mkanda, kitengo cha utafiti wa soko cha Kodak, kilichoongozwa na Vince Barabba, kilitathmini hatari hiyo na kuona kwamba picha za kielektroniki zingeweza kuchukua nafasi ya mkanda, ila kampuni ilikuwa na takriban miaka 10 ya kujiandaa. Waliona, tena mapema. Swali lako basi linageuka: kwa nini anayeona hatari inakuja hahami?

Jibu liko katika studio ya baba yako. Kamera aliinunua mara moja, lakini mikanda, dawa za kusafishia na karatasi za picha alivinunua mwaka mzima, na huko ndiko Kodak ilikopata faida yake. Kamera ya dijitali haihitaji hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Jiweke katika nafasi ya meneja wa Kodak mwenye shilingi mia za kuwekeza: ukiziweka kwenye mkanda, zinarudi na faida nono ndani ya mwaka, ukiziweka kwenye dijitali, zinarudi kidogo, kwa kuchelewa, tena kwa kuwanyang'anya wateja wao wenzako wa idara ya mkanda, ambao ndio wanaolipa mishahara ya kampuni nzima. Kila mwaka, peke yake, uamuzi wa kubaki kwenye mkanda ulikuwa na hesabu nzuri. Hasara ilitokana na jumla ya miaka hiyo.

Ndiyo maana Kodak ilitumia teknolojia mpya kuulinda mkanda. Moja ya kamera zake za Advantix ilikuwa na kioo kidogo cha kumwonyesha mpigaji picha aliyoipiga, lakini ndani yake mlikuwa bado na mkanda wa kupeleka kusafishwa! Baadaye ilijitahidi kweli, na mwaka 2005 iliongoza kwa mauzo ya kamera za dijitali nchini Marekani, lakini faida ya kila kamera ilikuwa ndogo, na simu zenye kamera zilikuwa njiani. Januari 2012 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Fujifilm ya Japani, mshindani wake, ilikumbwa na dhoruba hiyohiyo. Chini ya Shigetaka Komori ilipunguza maelfu ya wafanyakazi katika biashara ya mkanda, kisha ikajiuliza ujuzi wake hasa ni upi, ikaona ni kemia: kolajeni iliyomo kwenye mkanda imo pia kwenye ngozi ya binadamu, na dawa za kuzuia picha isififie zinakaribiana na zile za kutunza ngozi. Ikaingia kwenye vipodozi mwaka 2006 na kununua kampuni ya dawa ya Toyama mwaka 2008. Kodak ilikuwa na ujuzi wa namna hiyo, lakini mwaka 1994 iliitenga kampuni yake ya kemikali na kuuza biashara yake ya dawa ili ishughulikie picha zaidi. Kwa maoni yangu, hilo liliigharimu kuliko kuchelewa kwake kwenye dijitali.

Kuhusu duka lako: wanaokuja kutoa kopi za vyeti ndio haohao wanaotaka kusaidiwa kujaza maombi ya mkopo wa chuo au ya ajira kwenye mtandao. Wanakuamini na nyaraka zao, nao mtaji huo hautegemei karatasi. Ianzishe kazi hiyo, lakini daftari lake liwe peke yake, kwa sababu ukiipima kwa faida ya kopi utaiacha kabla haijasimama. Na kama msaidizi wako unamlipa kwa idadi ya kopi, badilisha utaratibu huo, la sivyo atawaambia wateja wa mtandao warudi kesho. Mashine ya kopi iendelee kufanya kazi. Siku itakapochakaa, daftari la pili litakuonyesha kama kuna haja ya kununua nyingine.