Geji ya upepo: iachwe kwenye valvu au iondolewe?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Naendesha Probox, nabeba abiria na vifurushi kati ya Kisumu na Nakuru. Mchana, baada ya kuzunguka mjini Kisumu nikikusanya watu, najaza upepo PSI 33 kila gurudumu. Nafika Nakuru usiku, nalala, na alfajiri geji ya kijana wa pancha inasoma 29. Pancha hakuna. Nimeona geji ndogo za kufunga kwenye valvu zikakaa hapo siku zote, moja kwa kila tairi. Ninunue nne? Na mbona nikipima mwenyewe upepo hutoka kwa kelele na kila mara napata namba tofauti?

JIBU: Ndugu yangu, geji hizo za kukaa kwenye valvu usinunue. Nakueleza kwa nini, kwa sababu ukielewa kinachoendelea ndani ya valvu, maswali yako mengine yatajijibu yenyewe.

Fungua kifuniko uchungulie mdomo wa valvu. Katikati utaona kipini chembamba. Kinasukumwa juu na springi, na upepo wa ndani ya tairi nao unakisukuma kwenda huko huko, ndiyo maana tairi likijaa valvu hujifunga yenyewe. Geji ina kijiti kinachokibonyeza kipini hicho ili upepo uingie upande wa kipimo. Kwa hiyo muda wote geji ikiwa imefungwa, valvu iko wazi. Upepo wa tairi zima unazuiwa na mpira mdogo tu ulio kwenye mdomo wa geji. Mpira huo ukikauka kwa jua, au geji ikagongwa na jiwe au ukingo wa barabara, hakuna kizuizi cha pili. Tairi litaisha upepo, pengine ukiwa unashuka kutoka Mau Summit na watu ndani ya gari.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni uzito. Tairi la gari dogo lina kama sentimita 30 kutoka katikati hadi lami. Ukienda kilomita 100 kwa saa, linazunguka karibu mara 15 kila sekunde. Kitu kilichofungwa kwenye valvu, sentimita 15 hivi kutoka katikati ya gurudumu, kinavutwa kwenda nje kwa nguvu ya takriban mara 130 ya uzito wake. Geji ya chuma ya gramu 60 inakuwa kama mzigo wa karibu kilo nane unaoning'inia kwenye valvu ya mpira. Ukipunguza mwendo nguvu inashuka, ukiongeza inapanda, na valvu inapinda na kurudi safari nzima. Mpira unapasuka pale shinani, unapoingia kwenye rimu, na ufa huo huuoni mpaka uupinde kwa kidole.

Vile vifuniko vinavyoonyesha presha kwa rangi ya kijani, njano na nyekundu ni vyepesi, lakini navyo hukibonyeza kipini muda wote. Tena kila kimoja kimetengenezwa kwa presha moja tu. Kama kimewekewa 36 na gari lako linataka 33, kitakudanganya kila siku. Viache.

Ukitaka kweli kuona presha ukiwa kwenye usukani, kuna vihisi vidogo vinavyofungwa badala ya kifuniko na kutuma namba kwa redio hadi kwenye kioo kidogo mbele ya dereva. Vingi vina uzito wa kama gramu 10, na faida yake ni kubwa: vinalia upepo ukianza kushuka, kabla tairi halijaumia. Lakini navyo vinaiacha valvu wazi. Mimi huvikubali kwa sharti moja, kwamba valvu za mpira ziondolewe kwanza na ziwekwe fupi za chuma zinazobanwa kwa nati. Kihisi kikishafungwa, zungusha gurudumu kwa mkono uone kama kinagusa chochote. Kila baada ya muda kifungue na ukisafishe, kwa sababu metali mbili tofauti zikikaa na maji na vumbi hushikana, na siku ya kujaza upepo utaivunja valvu ukijaribu kukitoa. Vihisi vinavyokaa ndani ya rimu ni bora kuliko hivi, ila ni lazima tairi livuliwe ili kuviweka.

Sasa hiyo 33 inayogeuka 29. Huyo kijana wa Nakuru hajakudanganya, na huenda hata geji ya Kisumu ni nzima. Ulijaza tairi likiwa moto. Ukizunguka mjini mchana, upepo wa ndani unaweza kufika nyuzijoto 45. Alfajiri Nakuru, gari likiwa limelala nje, unaweza kushuka hadi 12, na upepo ukipoa presha hupungua. Kwa tairi kama lako ni takriban PSI 1 kwa kila nyuzi 7. Hesabu hiyo peke yake ingekushusha hadi karibu 28. Kinachokurudishia kama PSI 1 ni mwinuko: Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari na Nakuru karibu 1,850, hewa ya nje ya Nakuru ni nyepesi zaidi, na geji hupima tofauti kati ya ndani na nje. Ndiyo 29 yako hiyo.

Maana yake ni kwamba umekuwa ukiendesha na upepo pungufu siku zote, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko habari ya geji. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mzito hupinda sana ubavuni, linapata joto, na joto ndilo linalolipasua. Pima asubuhi kabla gari halijatoka, au likiwa limesimama kivulini kwa muda wa saa tatu. Namba ya kujaza isome kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, sehemu ya gari lenye mzigo. Magari ya Japani huandika kwa kPa; gawanya kwa 6.9 upate PSI, hivyo 230 ni kama 33. Namba iliyo ubavuni mwa tairi usiifuate, hiyo ni ya mwisho ambayo tairi linaruhusiwa. Na ukikuta presha imepanda ukiwa njiani, usitoe upepo.

Kuhusu kelele: mlio mfupi wakati wa kuweka na kuondoa ni wa kawaida, na upepo unaopotea kwa tairi la gari ni kidogo mno. Mlio unaoendelea ndio unaoharibu kipimo, maana mdomo wa geji umekaa upande. Pangusa vumbi kwanza, kwa sababu mchanga ukiingia chini ya kipini valvu haitafunga tena. Weka geji imenyooka sawasawa na valvu, sukuma mara moja kwa nguvu, usiibembeleze. Pima mara mbili. Namba zikipishana zaidi ya PSI 1, rudia hadi zifanane. Kama geji yako ni ya kuzungusha, kaza kwa vidole tu, usitumie koleo. Kwa gari lako ningechagua ile yenye mrija mfupi wa mpira kati ya mdomo na uso wenye namba, kwani mkono hauhitaji kubanana na rimu. Nunua moja nzuri, itumie hiyo hiyo kwenye tairi zote, usiiangushe. Itaingia pia kwenye pikipiki ya boda boda na hata lori, kwa kuwa vyote vinatumia valvu ya aina hii hii, iitwayo Schrader, iliyosajiliwa Marekani mwaka 1893. Baiskeli nyingi za zamani ndizo zenye valvu ya aina nyingine.

Ukimaliza, paka povu la sabuni mdomoni mwa valvu. Likitoa mapovu, kipini kimelegea. Kikaze kwa kile kifunguo kidogo cha valvu hadi kisimame, bila kukilazimisha. Yakiendelea, badilisha kipini, bei yake ni ndogo. Mapovu yakitoka shinani, pale mpira unapokutana na rimu, hapo hakuna dawa ila valvu mpya, na usikubali kuondoka kwa fundi kabla haijawekwa. Kisha rudisha kifuniko, na kama kimepotea nunua kingine siku hiyo hiyo, chenye mpira ndani. Na kila unapoweka tairi jipya, mwambie fundi aweke na valvu mpya, simama hapo uone akifanya.