Maswali ya Wasomaji: Stima Ikipotea, Kamera Huzimika

SWALI: Mtaa wetu hapa South B una kamera 24 na chumba cha ulinzi chenye UPS (kifaa cha betri ya akiba) nzuri. Hata hivyo, kila stima ikipotea, kamera za bloku B na C huzimika kama dakika tatu, ilhali jenereta huwaka upesi. Tena pikipiki iliibwa, tukatafuta picha siku ya kumi, tukakuta zimeshafutika. Fundi anatuambia tununue rekoda mpya. Tufanyeje?
Katibu wa kamati ya wakazi

JIBU: Ndugu Katibu, rekoda isubiri. Fungueni kile kisanduku kilicho kwenye ngazi za bloku B. Ndani yake kuna swichi ya mtandao, ambayo hupeleka umeme kwa kamera na kupokea picha kwa waya uleule. Angalieni imechomekwa wapi. Aghalabu ni soketi ya kawaida ya ngazi, ambayo UPS ya chumbani haiifikii. Jenereta yenye swichi ya kujigeuza yenyewe huchukua sekunde 10 hadi 30, lakini swichi ya mtandao ikishazimika huanza upya, kisha kila kamera nayo huanza upya. Hapo ndipo dakika zenu tatu zinapopotelea.

Kamera ya nje ikiwasha taa zake za usiku hula takriban wati 10. Kamera nane pamoja na swichi ni kama wati 95. UPS ndogo ya VA 650 (kipimo cha uwezo wake) yenye betri moja ya volti 12 inazimudu kwa kama dakika 15 hadi 20, betri ikiwa mpya. Wekeni moja katika kila bloku, na msiifungie kwenye kisanduku kisichopitisha hewa, kwa kuwa joto huua betri haraka.

Kuhusu picha, pigeni hesabu. Kamera inayorekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde hujaza gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 24 ni terabaiti moja na ushee kila siku. Kama rekoda yenu ina diski ya terabaiti 8, hujaa siku ya nane, kisha huanza kufuta za zamani. Mkitaka siku 30 mnahitaji terabaiti 31. Mkitumia H.265, mfumo wa kubana video, na kushuka hadi megabiti 2, ni kama 16. Ila kamera ya geti msiishushe: namba za magari ndizo huharibika kwanza. Nunueni diski za kurekodia kamera, kwa sababu za kompyuta ya kawaida hazikuundwa kuandika usiku na mchana bila kupumzika.

Kila mwezi zimeni mein swichi kusudi, mchana, mkiwa mmewaarifu wakazi. Jaribio la dakika mbili halitoshi. Kuna UPS zinazoukataa umeme wa jenereta usiotulia na kuendelea kula betri hadi iishe, kwa hiyo subirini saa nzima. Halafu chezesheni rekodi ya saa hiyo, kamera moja baada ya nyingine. Picha hai kwenye skrini haithibitishi kwamba diski inaandika.

SWALI: Mlinzi mmoja anakaa chumbani akitazama kamera zote kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi alfajiri. Inatosha?
Msomaji, Donholm

JIBU: Haitoshi. Macho ya binadamu hayawezi kukesha mbele ya picha nyingi, mathalani 24 za mtaa wa South B. Mpeni picha nne hadi tisa, zilizobaki zijitokeze panapotokea mwendo, na abadilishane na wa geti kila baada ya saa moja au mbili. Mezani pawe na ukurasa mmoja unaosema ni nani apigiwe kwanza: kapteni wa zamu, meneja, kisha 999 au 112. Simu ya pili iwe ya mtandao mwingine.

Saa ya rekoda ilinganishwe na ya mtandao. Ikichelewa hata dakika tano, ushahidi huzua ubishi. Mtu akiomba picha, andikeni katika kitabu cha matukio nani aliomba, sehemu gani, na nani aliidhinisha. Picha za watu ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mlinzi hana ruhusa ya kuzirusha kwenye WhatsApp ya mtaa.