Kibali kimekula hela ya ulingo
SWALI: Kaka mhariri, mi na washkaji tunaandaa mieleka Mbagala, kiingilio buku mbili, sasa kibali kimekula hela yote ya kukodi ulingo na hatujauza hata tiketi moja, ni haki kweli?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Kusajiliwa lazima, Baraza la Michezo la Taifa (BMT) lipo kisheria tangu 1967, ila unapolipa dai kontroo namba, usimpe mtu keshi hata kama kavaa kitambulisho shingoni. Mi naona wa viti mia asilipe sawa na anayejaza ukumbi mkubwa, mwambieni hivyo afisa michezo wa Temeke, kwa barua. Ila kwenye suala la kuweka daktari ulingoni siwatetei kabisa, mtu akidondokea shingo kwenye turubai lililotandikwa juu ya mbao tupu mtamkimbiza na bodaboda?